Namba Zinapoisha

Mashine ya kusaga ya shangazi yangu iko Bagara, nyuma ya maduka. Nilianza kukaa pale baada ya matokeo ya kidato cha nne, ambayo shangazi aliyasoma, akaikunja karatasi, akaniambia kesho saa moja nikafungue mlango. Sikuumia kama watu walivyodhani. Nilikuwa na ndoto zangu nyingi tu, na mashineni ni mahali pazuri pa kuotea, maana kelele ni kubwa kiasi kwamba hakuna anayekuuliza unawaza nini.

Mashine zenyewe ni mbili. Moja inakoboa, nyingine inasaga. Anayetaka sembe, mahindi yake yanapita kwanza kwenye kukoboa. Anayetaka dona, yanakwenda moja kwa moja kusagwa. Kwa kuwa watu huacha mizigo wakaenda zao sokoni, shangazi alikata vibati thelathini na kuvigonga namba kwa msumari. Mteja anachukua kibati, gunia linaandikwa namba ileile kwa chaki, na kila mashine ina ubao wake mdogo wenye namba za magunia yanayopaswa kupita hapo. Siku ya watu wengi vibati vinaisha, tunaanza tena na moja. Kabla ya kuanza tena, tunafuta mbao zote mbili. Hiyo ndiyo sheria, na shangazi huirudia kama sala ya kabla ya chakula.

Kompyuta niliipata kwa fundi mmoja wa mjini, mtu mzima wa makamo ya baba yangu, anayetengeneza kompyuta karibu na stendi. Nilimpelekea simu ya shangazi, nikakaa kuangalia, nikarudi kesho yake bila simu. Baada ya miezi kadhaa alinipa kompyuta ya mapajani isiyo na kitufe cha herufi T. Mpaka leo pale pana kipande cha kifutio. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika programu, na yeye ndiye aliyeniingiza kwenye kikundi cha watu sita, waliotawanyika mikoani, wanaoandika kiini.

Kiini ni ile programu iliyo chini ya programu zote, inayogawa kumbukumbu na zamu kwa wenzake. Vipo vingi duniani, vikubwa na vizuri. Sisi tulitaka chetu, kidogo, chenye maelezo ya Kiswahili ndani yake, ili mwanafunzi akikifungua aelewe. Fundi alikuwa ameahidi shule moja ya sekondari kwamba Jumatatu ataenda kukipakia kwenye kompyuta zao zilizokuwa zimekufa bure kabatini. Mimi niliota mbali zaidi. Nikiwa napepeta pumba niliona kila shule ya Manyara, halafu Singida, halafu nikawa naulizwa maswali redioni.

Kikundi kina utaratibu mmoja mkali: hakuna mabadiliko yanayoingia mpaka mtu mwingine aandike mbele ya wote kwamba ameyapitia. Alhamisi fundi alituma mabadiliko yake, kama mistari tisini hivi, akaomba niyapitie mimi. Yalihusu namba.

Nieleze kidogo. Kila programu ina ramani inayoonyesha vitu vyake vimewekwa wapi kwenye kumbukumbu. Kusoma ramani nzima kila mara kunachelewesha, kwa hiyo prosesa, ule ubongo wa kompyuta, hujiandikia vidokezo: kitu fulani cha programu namba fulani kiko pale. Namba hizo hutolewa na kiini. Kwenye kompyuta za shule zilikuwa mia mbili hamsini na sita tu, na sifuri hapewi mtu. Zikiisha, kiini kinafungua duru mpya na kuanza tena na moja, na vidokezo vya zamani lazima vifutwe. Visipofutwa, programu mpya iliyopewa namba ya programu iliyokwisha kufa itaingia chumbani kwa marehemu na kuanza kusoma barua zake. Fundi alikuwa ameandika upya sehemu hiyo ili iende haraka.

Nilisoma mara moja, kwa heshima, kama unavyomsikiliza mtu mzima akisimulia. Niliona neno moja kwenye maelezo limekosewa herufi, nikamwonyesha. Mengine yote nilikubali kabla sijayaelewa, kwa sababu ni yeye aliyeyaandika na ni yeye aliyenifundisha. Nikaandika mbele ya wote: "Nimeyapitia, ni safi. Shikamoo fundi." Nikarudi kwenye magunia nikiwa na furaha. Ilikuwa mara ya kwanza neno langu kufungulia kitu mlango.

Jumamosi watu walijaa. Saa nne vibati vilikuwa vimeisha, nikaanza duru mpya. Nilikuwa nimekaa upande wa kusaga, nikafuta ubao wa hapo, nikasimama kumpokea mteja, nikausahau kabisa ule wa upande wa pili. Kibati kumi na nne alikipata mama mmoja wa Mutuka mwenye mapacha, mmoja mgongoni na mwingine amemwacha kwa jirani. Alitaka dona. Alinieleza mwenyewe kwamba nesi amemwambia watoto wale dona, na kwamba mahindi yale ameyachagua punje kwa punje. Nikaandika kumi na nne kwenye gunia, nikaandika na kwenye ubao wa kusaga.

Upande wa kukoboa ubao ulikuwa bado na kumi na nne ya asubuhi. Kaka anayeendesha ile mashine aliangalia ubao, akaangalia gunia kwenye mstari wa pamoja, namba zikapatana. Akayakoboa yote.

Mama mapacha aliporudi alikuta mahindi meupe, na pumba pembeni kwenye ndoo. Aliinama, akachota pumba kwa kiganja, akaniangalia.

"Sasa hizi nizibandike na gundi?" akauliza.

Foleni nzima ikacheka. Yeye hakucheka, na mimi machozi yalinilengalenga. Shangazi alinisimamisha mbele ya watu wote nikaomba radhi, kisha akampimia mahindi yetu wenyewe, ujazo uleule, na kuyasaga dona palepale. Yale yaliyokobolewa tulikula sisi wiki nzima. Mama aliyapokea, akashukuru, lakini akaniambia taratibu kwamba aliyachagua siku mbili. Hilo ndilo lililobaki nami.

Nilianza kufuta ule ubao, nikaachia katikati. Nilikumbuka mstari mmoja wa fundi. Mchana watu walipopungua nilifungua kompyuta juu ya gunia la pumba nikatafuta. Ulikuwepo: duru ikifunguliwa, futa vidokezo. Lakini aliyeamriwa kufuta alikuwa ni yule prosesa anayefungua duru, peke yake. Kompyuta za shule zina prosesa wanne, kila mmoja na vidokezo vyake. Watatu wangebaki na mbao zao za asubuhi.

Sikutaka kuamini, nikaandika jaribio dogo. Kila programu inaandika namba yake ya kuzaliwa, isiyorudiwa, mahali pake, inalala kidogo, inaamka na kuisoma. Nikaanzisha mia tatu, kwenye bodi ndogo ya kompyuta ambayo kikundi kiliniachia, yenye prosesa wanne kama zile za shule. Mara ya kwanza zote zikasoma sawasawa. Mara ya pili pia, na moyo ukaanza kutulia. Mara ya tatu moja ikaamka ikasoma namba ya programu iliyokwisha kufa zamani.

Nilimweleza shangazi nikiwa nimeshika kichwa. Nilimwambia fundi ameahidi shule, Jumatatu anakwenda, na mimi niliyesema ni safi ndiye nitakayekwenda kumwambia si safi. Nilimwambia naogopa asije akanifukuza, maana sina mwalimu mwingine. Shangazi alikuwa anakung'uta unga kwenye kanga. Akasema, "Mama mapacha umemwomba radhi mbele ya foleni nzima. Huyo fundi wako ana pembe?"

Jumapili baada ya kanisa nilikwenda nyumbani kwake Bonga. Sikutaka kuandika kwanza kwenye kikundi. Kumkosoa mtu mzima mbele ya watu kabla hujafika nyumbani kwake, kwetu hapana. Nilimkuta anaziba banda la kuku. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa misumari nishike. Nikashika misumari nikaeleza yote, ubao, mahindi, prosesa wanne, jaribio la tatu. Alisema yeye amejaribu siku nzima na hakuna tatizo lililotokea. Nikamuuliza amejaribia mashine ipi. Ilikuwa ile ya zamani ya kibandani kwake, yenye prosesa mmoja.

Akapigilia msumari mmoja, wa pili ukapinda. Kuku walikuwa wanapita miguuni mwetu kama hawahusiki.

"Uliandika umeyapitia," akasema. "Uliyapitia, au ulinisalimia?"

Ningeweza kusema niliyapitia haraka. Ingekuwa karibu na kweli.

"Nilikusalimia, fundi."

Hakunigombeza, na nadhani ingekuwa nafuu kama angenigombeza. Aliniambia nikaondoe neno langu mimi mwenyewe, kulekule nilikoliweka, na nieleze kwa nini, na nisimsemee yeye. La kwake atalisema mwenyewe. Kisha akaingia ndani kumpigia simu mkuu wa shule. Kutoka nje nilimsikia akisema samahani mara tatu kwa mtu ambaye kwa umri angeweza kuwa mdogo wake. Nikabaki na misumari mkononi.

Jioni ileile niliandika kwamba nimeondoa kibali changu, kwamba vidokezo vinafutwa kwa prosesa mmoja badala ya wote, na kwamba Alhamisi sikusoma ipasavyo. Nikaambatisha jaribio. Mmoja wa wenzetu wa Iringa akajibu kwamba hata yeye alikuwa ameona jina la fundi akapita bila kusoma. Fundi aliandika sentensi moja, kwamba kosa ni lake na marekebisho yanakuja.

Yalikuja Jumatano, mistari michache tu zaidi: duru ikifunguliwa, kila prosesa anawekewa alama kwamba anadaiwa kufuta, na haruhusiwi kuingiza programu nyingine kabla hajafuta. Safari hii nilisoma na kalamu mkononi, siku mbili, katikati ya magunia. Nikamwandikia maswali matatu. Mawili aliyajibu kwa mkato, kama mtu aliyechoka. La tatu lilihusu programu inayoendeshwa na prosesa mwingine wakati duru inafunguliwa: inabaki na namba yake au inanyang'anywa? Mashineni gunia lililo juu ya mashine halinyang'anywi namba, tunaiacha hiyo namba isitolewe mpaka mwenyewe aondoke. Kwa hilo, kesho yake akatuma mistari mingine sita bila maelezo.

Niliendesha jaribio mpaka bodi ikapata joto. Halafu nikaandika: "Nimeyapitia." Nikaishia hapo.

Kompyuta za shule zilipakiwa kiini wiki mbili baada ya siku iliyoahidiwa, na fundi alinichukua niende naye. Mkuu wa shule alitukaribisha vizuri ila alitaja zile wiki mbili, na fundi akainamisha kichwa. Mashineni kila ubao sasa una kitambaa chake, kimefungwa kwa kamba. Na siku fundi akituma kazi, nampigia simu kwanza. Namwamkia, ananiitikia, tunaulizana habari za kuku na za shangazi. Tukishakata simu ndipo nafungua alichoandika.