Ngano ya Shamba la Chini

Ezell Maddox alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao tangu ujana wake, mpaka vidole viwili vya mkono wa kushoto vikabaki huko. Alipostaafu alinunua kitu alichokuwa akikitamani maisha yake yote: ardhi yenye bwawa. Huku kwetu Alabama, mtu mweusi wa rika lake kuwa na bwawa lake mwenyewe halikuwa jambo dogo. Mimi nilikuwa jirani yake, na kila asubuhi nilimwona amesimama juu ya tuta linalozuia maji ya bwawa, na kikombe cha kahawa, anayatazama maji kama mzazi anayemtazama mtoto aliyelala.

Bwawa alilikuta limetelekezwa. Akalitia chokaa na mbolea mpaka maji yakawa na ule ukijani mzito unaonenepesha samaki. Akakata miti iliyoota juu ya tuta kabla mizizi haijalitoboa. Kisha akageukia kulungu. Kule juu, kando ya misonobari, alilima vishamba viwili vya ngano na majani ya klova vya kuwalisha, ili msimu wa kuwinda ukifika wawe wamezoea kuja. Cha tatu alikilima chini, pale ardhi inapoteremka na kuingia majini, kwa sababu udongo wa pale ulikuwa mzuri kuliko wote.

Jambo la kwanza lilitokea mezani, nyuma ya banda, tukitengeneza kambare. Ezell alipasua tumbo la mmoja, kisu kikakwaruza kitu. Akatoa kipande cha sahani, cheupe, chenye ua la buluu.

“Shemeji, huyu kamaliza chakula akala na sahani,” alisema Lucious, mdogo wa mkewe, ambaye hakuna kitu asichokitania. Tukacheka. Kambare hula chochote. Lakini wa pili naye alikuwa na kipande cha sahani, ua ni lilelile. Ordessa, mke wa Ezell, akaja akavitazama, akaosha mikono, akasema wale wawili yeye hawakaangi.

Mvua za vuli zikanyesha, ngano ikaota. Vile vishamba vya juu kulungu walivikwangua mpaka karibu na ardhi. Kile cha chini hawakukigusa. Walikuja, lakini waliishia ukingoni mwa msitu, wakasimama kwa safu, masikio mbele, macho kwenye ngano. Niliwaona mwenyewe jioni moja nikiwa na Ezell kwenye kibanda chake cha kuwindia, kilichoinuliwa juu ya nguzo. Alikuwa na bunduki mapajani, na dume kubwa lilikuwa limesimama wazi kabisa, lakini hakuinyanyua. Tulikaa hivyo hadi giza lilipoanza kuingia. Tuliposhuka aliniambia kwa sauti ya chini, “Hawaogopi. Wangekuwa wanaogopa wangekimbia.”

Ngano ilipofika magotini ndipo Ordessa alipoona. Alikuwa juu ya mwinuko anaanua nguo, akateremsha macho, akamwita mumewe. Katikati ya shamba ngano ilikuwa imeota kwa viwango viwili. Mahali pengine ilikuwa ya kawaida, na mahali pengine ndefu, nene, kijani kinachokaribia weusi. Ile ndefu ilikuwa imejipanga katika umbo la vitanda, kila kimoja urefu wa mtu, kichwa magharibi na miguu mashariki. Vingine vilikuwa vifupi sana. Safu ziliteremka sambamba mpaka kwenye maji, na pale kwenye maji hazikuonyesha dalili ya kwisha.

Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba ni makaburi. Ordessa alikaa chini kwenye nyasi na kapu lake la nguo.

Ezell alikwenda mjini kwa Bwana Tarpley, mzee wa Kizungu aliyemuuzia ardhi. Mazungumzo yao alinisimulia mara moja tu, na hakuongeza chumvi. Tarpley alikuwa barazani, blanketi miguuni. Alipoulizwa hakukana. Alisema ni watu wa shamba, wapangaji wa baba yake, na wale wa kabla yao, wa enzi za utumwa, ambao hawakuwa wapangaji. Baba yake alipotaka bwawa, bonde lile ndilo lililofaa.

“Majina yao?” Ezell aliuliza.

“Kulikuwa na vibao vya mbao. Vilichomwa na takataka nyingine.”

“Na uliponiuzia?”

“Hukuuliza, Ezell.”

Ezell alimwambia, “Kwako mimi ni Bwana Maddox,” akavaa kofia, akaondoka.

Siku iliyofuata alifungua bomba la kutolea maji. Kwa kawaida bwawa likipunguzwa, korongo na tai hujaa, maana samaki wanabaki wanagaagaa kwenye vidimbwi. Safari hii hakuja hata ndege mmoja. Maji yalishuka polepole siku baada ya siku, na bonde lilikuwa kimya hata mtu akajisikia anavyomeza mate.

Matope yalipojitokeza, tuliteremka Ezell, Lucious na mimi. Safu zilikuwa zimeendelea vilevile tulivyohofia. Juu ya kila kaburi palikuwa na vitu, kama wazee wetu walivyokuwa wakiwaachia wafu wao: sahani zilizovunjwa kwa makusudi, taa, kome, saa ya mezani. Mafuriko na tope la miaka yote ile vingetosha kuvifukia na kuvipindua. Vilikuwa vimesimama wima. Kwenye kaburi moja fupi kulikuwa na kikombe cha mtoto, na ndani yake maji safi, ya kunyweka, huku pande zote ni tope jeusi.

Lucious alivua kofia. Alipozungumza hakukuwa na utani tena. “Funga bomba, shemeji. Rudisha maji. Si sisi tuliowaweka humu.”

“Nikiyarudisha,” Ezell akasema, “safari hii nitakuwa nimewazamisha mimi.”

Akaazima tingatinga. Watu wa kanisani walikuja na mapipa na beseni kuchukua samaki, na akawapa wote, hata wale aliowalea tangu wakiwa wadogo kama kucha. Kisha akalikata tuta. Nilimwona usoni wakati maji ya mwisho yanapita. Alikuwa akilia bila sauti, na mkono wake wenye vidole vitatu ulikuwa haujaachia usukani. Baadaye alichimba bwawa jingine dogo nyuma ya nyumba. Si baya, nimevua humo. Lakini hakusimama kando yake na kahawa kama alivyofanya kwa lile.

Kule chini aliweka uzio wa miti ya mierezi na hakupanda tena kitu. Ordessa ndiye aliyechukua kazi ya kupasafisha. Kila Jumamosi alikwenda na ufagio wa matawi, akafagia udongo mpaka ukabaki mweupe na mistari, kama mama yake alivyofagia uwanja wake.

Jumamosi moja ya masika alifika akakuta pamefagiwa. Mistari ilikuwa mipya, imepinda vizuri kuzunguka kila kaburi, na hapakuwa na alama ya mguu, ya kuingia wala ya kutoka. Alirudi nyumbani, akauegemeza ufagio ukutani. Jumapili baada ya ibada, tukiwa mezani na mkate wa mahindi, ndipo akamweleza mumewe mbele yetu, taratibu, kama anaeleza bei ya unga.

Ezell alitafuna akamaliza. “Pamefagiwa vizuri?”

“Vizuri kuliko mimi.”

“Basi wiki hii umepumzika,” alisema, akamsogezea siagi.