Saa Isiyo na Betri na Siku Niliyomposa Shosho

Walisema sitamaliza diploma yangu ya mitambo ya kupoza hewa, nikamaliza. Walisema Ghuba nitarudishwa kabla mwaka haujaisha, nikakaa mpaka nikachoka mwenyewe, nikarudi na kufungua ofisi Hurlingham (yenye kiyoyozi, maana fundi wa viyoyozi anayetokwa jasho ofisini atamwambia nini mteja?). Walisema kijana wa Kakamega hapewi binti wa Kabete, na hilo nalo nilikuwa karibu kuliweza. Ila hakuna hata mmoja wao aliyebahatisha kwamba nitafika huko na suti ya buluu na kumposa nyanya ya mchumba wangu mbele ya hema zima, kamera ikinasa.

Chanzo ni saa. Mimi na saa za betri tuligombana kule Ghuba, kwa sababu betri hufa siku ambayo fundi hayupo, na ukimpata anakurudishia saa ina mikwaruzo na inaingiza maji. Kwa hiyo nilipopanga kwenda kwa wakwe niliamua kutafuta saa ya heshima, bei ya kiatu tu, isiyojua betri ni kitu gani. Nilizunguka vibanda vya katikati ya mji mpaka wauzaji wakaanza kunikimbia. Ya kutumia jua niliikataa (na mawingu ya Julai, na mashati yangu ya mikono mirefu, ingekula nini?). Ya kujazwa kwa vidole kila asubuhi nilijua nitaisahau. Ndipo muuzaji mmoja akanitolea yenye mgongo wa kioo, ndani kichuma kinabembea kila ukisogeza mkono.

"Boss, hapa mkono wako ndio betri," akasema. "Ukifanya kazi inajijaza. Ukikaa bure sana inalala. Ikilala, itikise kidogo, itaamka."

Nikalipa papo hapo. Kilichonipita ni kwamba tangu nijiite mkurugenzi sikuwa nimeshika spana. Vijana wangu ndio waliokuwa wakipanda ngazi, mimi nanyoosha kidole. Saa ikawa inalala kila mara na mimi naitikisa, mezani, garini, mpaka kanisani wakati wa maombi, na karani wangu akauliza kama nimeumwa na nyuki.

Siku ya mahari ikafika. Tulianza asubuhi, na wazee wa pande zote mbili wakazungumza kwa mafumbo wakati mimi nimekaa na mikono juu ya magoti kama mtoto wa kupigwa picha, kwa adabu. Kufika alasiri ikawa zamu yangu. Wanawake kadhaa walikuwa wamefunikwa leso gubigubi na kupangwa mstari, nami nilitakiwa kumtambua mchumba wangu, Njeri.

"Mkono ukiinuka, umechagua," shangazi yake akatangaza. "Hakuna kurudi!"

Mimi nilikuwa nimeshamjua. Njeri husimama mguu mmoja ukipumzika, na alikuwa mwisho kabisa wa mstari. Nikatembea polepole kwa madaha, nikaangalia saa yangu ili kamera nayo iione, na mshale haukuwa unasonga. Ningeiacha tu! Nani angejua? Lakini nilikuwa nimewasifia mashemeji saa hiyo tangu langoni, nikaona niiamshe upesi. Nikainua mkono na kuutikisa, nikiwa bado katikati ya mstari, mbele ya leso nyingine.

Vigelegele vilinifanya niruke kabla saa haijaamka. Leso ikafunuliwa, na chini yake akatokea shosho, nyanya yake Njeri, meno mawili mbele, mikono ameshaifungua.

"Mume wangu!" akanikumbatia. "Umekawia wapi?"

Hema likaanguka kwa kicheko. Kama ningecheka nao yangeisha, lakini mwenye diploma hachekwi bila kujieleza, nikaomba kipaza sauti. Nikaeleza kwamba sikuchagua mtu, nilikuwa naamsha saa, na hii si saa ya kawaida, haina betri, inaendeshwa na kazi ya mkono wa mwenyewe.

Baba Njeri akajikohoza. "Kwa hivyo mtu akifanya kazi, inatembea?"

"Kabisa, mzee. Haina shida."

"Na asipofanya kazi?"

"Inasi..." Nilikuwa nimeshachelewa.

"Na leo imesimama."

Baba mdogo Wekesa, msemaji wetu, alinivuta koti. "Kaa chini, wewe! Utatupeleka nyumbani mikono mitupu."

"Mimi sitoi binti," Baba Njeri akasema, wala hakuwa anatabasamu, "kwa mtu ambaye hata saa yake imechoka kumngojea afanye kazi."

Pale mwisho wa mstari leso ilitikisika. Sikujua kama Njeri analia au anacheka, na hofu ikanishika kwelikweli, maana huyo ndiye niliyekuwa nakwenda kumpoteza kwa sababu ya mdomo.

Shosho ndiye aliyeniokoa. "Nyuma ya jikoni kuna kuni. Apasue. Ikiamka, apewe msichana wake. Ikikataa, abaki na mimi, nitamfundisha kazi."

Nikavua koti. Nilipasua kuni na tai shingoni, akina mama wakiimba wimbo ambao hakuna aliyekubali kunitafsiria, viganja vikachubuka, suruali ikaachia mshono mahali ambapo sitapataja. Niliporudi hemani mshale ulikuwa unakimbia. Nikaenda moja kwa moja mwisho wa mstari, nikainua mkono wenye malengelenge, na Njeri akajifunua mwenyewe, macho yamejaa machozi ya kucheka.

"Haya, mkwe," Baba Njeri akasema. "Saa ngapi sasa?"

Nikaitazama kwa fahari. "Saa tano na dakika kumi, mzee!"

Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Watu waliangalia simu zao, halafu wakaniangalia mimi. Kuamsha nilikuwa nimeamsha, lakini sikukumbuka kurekebisha.

"Si kitu," akasema mzee, na hapo ndipo alipotabasamu. "Angalau inatembea. Leteni chakula."

Nimeapa sitashika tena kipaza sauti kwa wakwe, hata nikiombwa kuombea chakula. Saa bado ninayo, na haijalala tena, kwa sababu kila asubuhi napanda ngazi mwenyewe na spana mkononi. Vijana wangu wanafikiri nimepata unyenyekevu. Nawaacha wafikiri hivyo, kwa sababu kueleza nimeacha.