Kitambaa cha Komunyo: Kulipa Mbele au Kukopa Beni

Mwaka ule wa vita niliondoka Butembo kwa sababu ya wasichana thelathini na wawili. Mimi ni fundi wa cherehani, na wazazi wao walikuwa wamenilipa mapema nishone gauni za komunyo ya kwanza. Zilibaki siku kumi, na sokoni kwetu hapakuwa na hata pima moja ya kitambaa cheupe, kwa kuwa vitambaa vilikuwa vikiishia Beni. Nikasema nitakwenda Beni mwenyewe, na aliyetaka kunicheka acheke.

Asubuhi ya kwanza nilipita dukani kwa Papa Saidi, ambaye mdogo wake Hamisi anauza vitambaa Beni. Kutembea na pesa mwilini barabara ile ilikuwa ni kuzitafutia mwenyewe mwingine. Papa Saidi akanionyesha njia mbili. Nimwachie pesa zangu, aniandikie bon, yaani karatasi ambayo Hamisi angeisoma na kunipa majora manne yaliyokwishalipwa. Au pesa zibaki kwangu, nibebe barua ya kunijulisha tu, Hamisi anikopeshe, nije kulipa nikirudi.

"Mama Masika, iyi safari kamata deni," alisema. "Njia iko mubaya."

"Deni hapana, papa. Andika bon."

"Mais mama, sikiliza, bintu bya deni—"

"Andika bon, papa."

Nilimkata maneno, nakiri. Baba yangu alipoteza shamba la viazi kule Lubero kwa deni la dukani, na tangu siku ile sijakopa hata sindano. Papa Saidi alinitazama, akahesabu pesa zangu, akaandika.

Saa mbili nilikuwa ndani ya kamionete, gari dogo la mizigo, la Kambale jirani yetu. Tulipita Maboya tukisukuma gari mara tatu kwenye matope. Kwenye barriere ya Kabasha, mti uliolazwa kukata barabara, askari walitushusha wote.

"Mbongo iko wapi?" mmoja aliniuliza, akitaka pesa.

Nikampa bon. Aliigeuza huku na huku, akanirudishia. Nilipanda gari nikijisifu moyoni kwamba nimewashinda akili.

Alasiri tukafika Beni, na joto lake lilinivua sweta la Butembo mara moja. Hamisi ni mtu mwembamba mwenye adabu. Alisoma bon, akashusha majora manne, meupe kabisa, nikayapapasa mpaka akacheka. Kisha akasema kama kaka yake:

"Mama, naweza pasua hii bon. Kamata bitambaa kwa deni, franga zako utazikuta Butembo."

"Asante, papa. Mimi sina deni na mutu."

Nililala kwa shangazi yangu usingizi mzito wa mtu asiyedaiwa.

Siku ya pili, nikirudi na Kambale, Kabasha tena. Safari hii nilikuwa na kitu cha kuonekana.

"Bitambaa bya nani?"

"Byangu, papa. Ni bya batoto ba komunyo."

"Kama ni byako, lipa."

Pesa zangu zote zilikuwa zimegeuka vitambaa. Nilisihi, nikataja kanisa, nikataja watoto. Walichukua majora mawili wakayaweka kibandani kwao, juu ya magunia ya makaa. Wakati huohuo lori la mfanyabiashara mmoja lilipita. Dereva alitoa orodha dirishani, askari akaisoma, akainua mti. Nililia mbele ya watu, sitaficha.

Kambale ndiye aliyenieleza tukiwa tumesogea mbele kidogo.

"Ba-patron banalipiaka barriere kila mwezi, donc bintu byao binapita na liste. Byenye ulishalipa ni byako, unajitetea mwenyewe. Bya deni bingali bya patron mupaka siku utalipa. Binapanda mu camion yake."

Kumbe mali ya deni husafiri kama mali ya tajiri, na ndilo neno nililomkata Papa Saidi katikati. Nilijichukia sana. Lakini hasira haishoni gauni. Nilimwomba Kambale afikishe majora mawili yaliyobaki kwa mume wangu, nikashuka, nikasimamisha gari la kwanza lililokuwa likirudi Beni.

Jioni ile Hamisi alinikuta nimesimama mlangoni pake na matope mpaka magotini.

"Papa Hamisi, nipe majora mawili. Kwa deni."

Aliandika jina langu katika daftari lake, akanionyesha mahali pa kutia sahihi. Nikatia.

Siku ya tatu nilirudi ndani ya lori la Hamisi, nimekaa mbele na dereva, majora mawili nyuma katikati ya sabuni na chumvi. Pale Kabasha askari wa jana akanitambua.

"Mama ya komunyo! Leo umebeba nini?"

"Sina kitu, papa. Byote ni bya patron."

Wala sikusema uongo. Alisoma orodha, akainua mti.

Nilishona usiku na mchana. Deni lile nililimaliza kwa kutia viraka suruali za watu mpaka maharage ya mwaka yalipovunwa, na kila Jumamosi nilipompelekea Papa Saidi kidogo nilichopata, shingo iliniwaka kwa aibu. Mpaka leo deni silipendi. Nilichojifunza ni kwamba kabla ya kuchagua namna ya kulipa, niulize kwanza mali ikipotea njiani atakayelia ni nani. Na nimwache mtu amalize kusema.

Jumapili ya komunyo wasichana wote thelathini na wawili waliingia kanisani wamevaa nyeupe. Nilisimama nyuma na mume wangu, nikiwatazama wakipanda kuelekea altare mmoja mmoja. Nusu ya zile gauni zilikuwa bado za Hamisi, na mimi mwenyewe niliyezishona sikuweza kujua ni zipi.