Victorine na Vijana Waliokosa Shamba

Victorine alizaliwa katika ukoo wa wakulima nje kidogo ya Kasongo, mashariki mwa Kongo, nyumbani wakisema Kizimba na sokoni Kiswahili. Alisomea kilimo Kisangani. Wenzake walipobaki kutafuta maisha mjini, yeye alirudi kufundisha katika chuo kidogo cha kwao. Kuna waliosema amejizika angali hai. Aliwajibu kwamba udongo anaoujua uko huku.

Siku moja alipanda pikipiki kwenda Nyangwe kuangalia mashamba ya mpunga. Njia ilipoharibika, dereva akapunguza mwendo na kugeuka.

"Mama Profesa, haunijui?"

Alikuwa Nathanaël, aliyekuwa wa kwanza darasani siku zake.

"Na kazi?" Victorine aliuliza.

"Shirika moja la mbegu liliniita Kindu. Waliniuliza maneno, nikaanza kuwakariria masomo yako kama kasuku. Wakaniambia asante. Wenzangu wengi wako Salamabila, wanachimba zahabu. Miye afazali niko na moto," akasema, akiligonga tangi la pikipiki.

Hakumlaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma mwalimu wake njia nzima.

Chuo kilikuwa na kompyuta chache zilizoendeshwa kwa nguvu ya jua, na Victorine alikuwa amezoea kutumia akili bandia kutayarisha masomo. Sasa aliipa kazi nyingine. Aliiandikia hivi: jifanye bosi anayetafuta mtu wa kilimo, uliza maswali magumu, usimwonee mtu huruma. Kisha akawaita vijana waliomaliza masomo waje Jumamosi mchana. Nathanaël alikuja na vumbi la barabara miguuni.

Kwanza masini, ndivyo vijana walivyoiita ile akili bandia, ilimtungia maelezo yake ya kuombea kazi. Yalikuwa matamu ajabu: eti ameongoza mradi wa muhogo katika vijiji kadhaa.

"Uliongoza mradi gani?" Victorine akauliza.

"Hakuna, Mama. Lakini iko muzuri."

"Iko muzuri kwa mutu mwengine. Futa."

Vijana wakacheka, Nathanaël naye akacheka, akafuta. Kisha wakaingia kwenye mazungumzo yenyewe. Jumamosi kwa Jumamosi ulimi wake ulilegea. Akaacha kukariri, akaanza kuongea. Lakini kila mara masini ilifika mahali ikamwambia: nieleze shamba ulilolisimamia mwenyewe, tangu kupanda hadi kuvuna, nini kiliharibika, na ulifanya nini. Hapo Nathanaël alirudia kukariri masomo ya darasani. Waliomfuata nao walikwama hapo hapo. Victorine alibadilisha maagizo, akaifanya masini bosi wa namna nyingine, na swali likarudi kwa maneno mengine. Ndipo alipoelewa. Alidhani vijana wake wanaona haya, kumbe hakuna aliyewahi kupewa shamba.

Akaenda kwa mkuu wa chuo, Papa Gérard.

"Sasa masini ndiyo itatupangia masomo?" mkuu akauliza.

"Hapana, Bwana Direkta. Haijui hata majira yetu. Juzi iliwashauri wapande muhogo katikati ya kiangazi, nikaisahihisha. Lakini inauliza kile atakachouliza kila mwajiri. Njoo usikilize mwenyewe."

Papa Gérard alikuja, akaketi nyuma. Alisikiliza kijana baada ya kijana akikwama palepale. Mwishowe akavua miwani.

"Hata miye singeweza kujibu," akasema.

Mwaka uliofuata, wanafunzi wa darasa la mwisho walipelekwa Kabambare kukaa na wakulima msimu mzima, kila mmoja akiwa na kipande chake cha shamba. Nathanaël aliomba kwenda nao. Alipokelewa na Mzee Zuberi, mkulima wa kabila la Wabangubangu, mwenye maneno machache. Majani ya muhogo yalipoanza kujikunja na kuwa na mabaka ya manjano, kijana alimwambia mzee wang'oe mimea iliyougua. Mzee alikataa, akanuna, hata salamu zikawa za shida. Nathanaël akang'oa katika kipande chake peke yake, akapanda upya kwa vipande vya miti ya muhogo isiyo na ugonjwa. Zuberi alipoona mimea mipya imesimama vizuri, naye akaanza kung'oa yake.

Shirika la mbegu lilipotafuta watu tena, Nathanaël alirudi Kindu. Swali la shamba likaja. Alilijibu kwa kirefu, pamoja na ugomvi wake na mzee na jinsi mavuno yalivyopungua kwa sababu ya mimea iliyong'olewa. Wakamchukua, asimamie mbegu huko Kabambare.

Si wote waliopata. Wapo ambao bado wanaendesha pikipiki, na Victorine anawajua kwa majina na bado anawaita siku za Jumamosi.

Habari kwamba Nathanaël amepata kazi zilimfikia Victorine kwa simu akiwa darasani. Aliwaomba wanafunzi radhi, akatoka, akasimama kwenye kivuli cha ukuta mpaka macho yakakauka. Kisha akarudi kuendelea na somo la udongo mchachu.