Harusi na Jeneza Katika Albamu Moja

Winfrida wa Ikungi alikuwa anapiga picha chochote kilichosimama mbele yake, na vingine vilivyolala. Harusi, ubatizo, mbuzi wa mnadani, misiba, zote akazibandika kwenye albamu moja pale studio, akijisifu kwamba mteja akiifungua atajua huyu dada anaweza kila kitu. Thubutu! Mtaka yote hukosa yote. Watu walifungua, wakafunga, wakaenda zao. Akajiapiza: harusi ya Pendo, binti aliyeahidi kuja kuangalia picha, ikimponyoka, anarudisha chumba cha watu na kurudi kwao kulima alizeti.

Pendo alikuja na shangazi yake, Sikudhani, mama mwenye ulimi usio na breki. Winfrida akatoa shikamoo, akawapa viti. Bibi harusi akafunua: maua, keki. Akafunua tena: jeneza. Mtoto wa watu akashika mdomo.

“Unamwonyesha bibi harusi jeneza?” shangazi akauliza taratibu. “Hizi wapelekee wenye msiba wao.”

Wakaondoka, na harusi ikaondoka nao. Winfrida alilia sana, lakini kesho yake, kabla ya kurudisha chumba, akatii, maana neno la kweli hata likiuma ni la kweli. Akazichomoa picha za misiba, akaanza kuwapelekea wenyewe, wa kwanza Marietha, mjane wa mzee Hosea. Katikati ya zile za maziko ilijichanganya moja ya marehemu enzi za uhai wake, yuko mnadani, anamcheka mbuzi wake aliyegoma kutembea. Marietha akaikumbatia. Siku ya maziko, alisema, walikuza picha ya kadi ya mpiga kura, na wajukuu wakauliza huyu babu mkali ni nani.

Hapo Winfrida akaijua kazi yake. Akazunguka kwa wazee, akawapiga picha nyumbani kwao: huyu anapepeta mtama, yule anamtania mkewe. Za harusi na mbuzi nazo akazitoa, albamu ikabaki ya wazee tu, walio hai na wenye furaha. Basi jamani, walewale waliokuwa wakiifunga sasa wanamuuliza lini atakwenda kumpiga mama picha. Kila Jumapili anamshukuru Mungu, halafu anamshukuru yule shangazi.

Juzi Sikudhani akaingia mwenyewe, kajifunga khanga mpya. Winfrida akamwambia asante, kwamba bila ukali wake leo angekuwa anapalilia alizeti.

“Asante utanipa baadaye,” shangazi akasema, akikaa. “Piga kwanza. Meno ya mbele yamebaki mawili, nayo yanacheza, na mimi nataka wajukuu wanikumbuke nikicheka.”