Mlolongo wa Wakwe Chara

Nililala Madogo, nikapanda lori la mbuzi, likaharibika Hola, nikamalizia na bodaboda ya kijana asiyejua breki ni za nini. Nilipofika Garsen, mgongo haukuwa wangu tena. Nikakuta watu wamepanga foleni ya kupiga kura, kimya, kila mtu na simu yake. Huko ndani kila mmoja hujificha nyuma ya boksi la karatasi ngumu. Nikacheka peke yangu. Mwenzangu, wewe hukuuona mlolongo wa Chara.

Nilikuwa mdogo, naishi kwa nyanya kijijini Chara. Enzi hizo hukuandika chochote: ulisimama nyuma ya picha ya unayemtaka, karani akahesabu vichwa. Waliotaka ubunge walikuwa wawili, mwalimu wetu na tajiri mmoja wa mjini. Mwalimu aliahidi zahanati. Nyanya, aliyekuwa mkunga, alishachoka kusindikiza wajawazito kwa mtumbwi hadi Garsen, mamba wakimtazama. Basi akamfanyia mwalimu kampeni nyumba kwa nyumba, sisi nyumbani tukila wali ulioungua na kambare mbichi.

Siku ikafika. Kijiji karibu kizima kikasimama kwa mwalimu, na balaa likaanzia hapo, maana kijiji kizima ni wakwe. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawakaribiani. Wakikutana njiani, mmoja huingia kwenye migomba. Nyanya akainua macho: pua yake iko kwenye kisogo cha mkwewe! Kutoka mstarini ni kupoteza kura. Akageuka, akampa mgongo. Akina mama waliomfuata, kila mmoja na mkwe wake mahali fulani, nao wakageuka.

"Mama, picha iko huku!" karani akapiga kelele.

"Huyo mwalimu nilimpokea mimi tumboni mwa mamake. Namjua kabla hajavaa suruali. Hesabu!"

Tajiri, ambaye picha yake ilikuwa upande wa pili wa uwanja, akaruka kwa furaha. "Karani, wananitazama mimi! Hao wangu!"

"Tunakutazama kama mbuzi aliyeingia mahindini," akajibu jirani yetu.

Karani alikuwa mgeni, mila zetu hazijui. Akawahesabu kwa nyuso zilikoelekea, kura zao zikaenda kwa tajiri. Mwalimu akaangushwa na watu waliompenda.

"Heshima si utumwa," jirani akasema jioni, "ila leo imetufunga kamba."

Nyanya alikuwa akiziba tundu la mtumbwi.

Zahanati haikuja. Siku niliyoondoka Chara moja kwa moja, kwenda sekondari Mombasa, shangazi alishikwa na uchungu, tukapanda mtumbwi mmoja: shangazi na nyanya katikati, yule mkwe, mume wa shangazi, nyuma akisukuma kwa pondo, mimi mbele na sanduku langu la bati. Mto ulikuwa umefura. Shangazi akapiga yowe. Nyanya akamgeukia mkwewe, akamkazia macho kwa mara ya kwanza maishani.

"Wewe baba, kaza pondo! Au unataka mwanao apokewe na mamba?"

Maskini, nusura atumbukie. Mtoto alizaliwa kabla ya Garsen, na mila ile ilizama palepale. Sijasikia mtu aliyeizamia. Nilipopanda basi nyanya hakunipungia mkono. Alikuwa ukingoni, kitoto kifuani, akigombana na mkwewe kuhusu jina.