Mwenye Mtaa Wake

Baba mdogo hakufaa popote isipokuwa msituni. Alishona viatu, wateja wakarudi peku. Akafungua duka, akalila mwenyewe. Msitu wa juu ya kisiwa ndio uliomvumilia: akawa mwongoza wageni, kazi yake kuwaonyesha chura mdogo kama ukucha wa kidole gumba, ambaye hapatikani kisiwa kingine. Umaarufu huo chura mwenyewe haujui. Amejificha kwenye vijimaji vya makutano ya majani ya migomba ya mwituni, na mgeni akifika, kimya.

Basi baba mdogo akajifundisha kulia kama chura. Alijifanya anakwenda haja, akajificha nyuma ya mgomba, akabana pua: kri-kri-kri. Wageni waliondoka wameridhika. Mama mdogo, mkewe, hakudanganyika. Kila mumewe alipoanza kubishana, alimkata kauli huku akimenya vitunguu: "Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji."

Mwaka wa ukame, msitu ulinyamaza kabisa. Wenye kiwanda cha mbao wakadai chura amekwisha, miti ikatwe. Serikali ikatuma tume na mtaalamu wake, mama wa makamo. Wakimsikia chura, msitu unabaki. Wasipomsikia, misumeno inaingia.

Siku hiyo baba mdogo aliamka na mafua.

"Utakwenda hivyo?" mama mdogo akamuuliza.

"Sasa nikashone viatu?"

Niliwafuata, yeye na tume. Kwenye migomba akaaga kwenda haja. Mara tukasikia: krooo, krooo, khoo. Nikatamani ardhi inimeze.

Mtaalamu akainua kidole. "Sauti nzito hivyo ni ya dume kubwa sana," akasema. "Na lina kifua."

Juu ya majani ikajibu kri-kri kali, yenye hasira. Kisha nyingine, na nyingine. Mtaalamu akaeleza kwamba dume la chura haliwezi kuvumilia jitu geni mtaani kwake, huku akiyafunua majani.

Baba mdogo alikuwa amechuchumaa, kamasi zinamtoka, na juu ya kipara chake chura mmoja anamtukana kwa nguvu zote.

Mtaalamu akamtazama wa chini, akamtazama wa juu.

"Nitamwandika huyu wa juu," akasema.

Msitu ukabaki. Nyumbani baba mdogo akaanza kusimulia, sauti imekauka, kila kitu amekiongezea chumvi. Mama mdogo akafungua mdomo kumkata kauli kwa methali yake. Akaufunga. Akammiminia chai ya moto, akaketi, akamwacha aseme mpaka mwisho.